Mtu si Jani: Je, Sinema za Kufyeka Watu Zafaa Kutazamwa?

Mas-ala ya somo hili hatukuyachagua sisi. Yaliletwa darsani na mzazi mmoja. Alitueleza kuwa usiku mmoja aliamka kunywa maji akaona mwangaza katika chumba cha mwanawe wa miaka 13. Alipoingia alimkuta yeye na wana wawili wa ami yake wamejifunika shuka moja, watatu kwa simu moja, wakitazama mtu mwenye barakoa nyeupe akimwandama msichana kwa kisu. Akawanyang'anya simu, akawakaripia, akawaambia kuwa mambo hayo ni machafu wala hayana faida. Mwanawe akamwuliza kwa adabu: "Baba, wewe umewahi kuitazama?" Hakuwa ameitazama. Akanyamaza, akatoka na simu mkononi, na tangu usiku ule swali lile likawa lamkera. Ndipo alipotujia sisi akauliza: Sinema hizi zina nini ndani yake? Zafaa kutazamwa au hazifai?

Wengi wetu tulikuwa na jawabu tayari midomoni. Lakini hukumu isiyotanguliwa na uchunguzi ni dhana, na dhana si elimu. Kwa hivyo wale tulio watu wazima katika darsa tulijipa muda, tukazitazama zile zilizo mashuhuri, na tukasoma khabari za waliozitengeneza. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

JINA LAKE NA UMBO LAKE

Asili ya sinema hizi ni Marekani na Kanada, na zama zake khasa ni baina ya mwaka 1978 na mwaka 1989. Wenyewe kwa Kiingereza huziita kwa jina lile lile la chombo ambacho sisi hapa twakiita slasha, yaani fyekeo la majani. Jina hilo lastahiki kuangaliwa, kwani laeleza mengi. Anayefyeka uwanja hapambanui jani hili na jani lile. Kwake yote ni majani, na haja yake ni uwanja uwe mweupe.

Ama umbo lake ni hili. Huwamo muuaji mmoja, na mara nyingi amefunika uso. Na huwamo kundi la vijana. Muuaji hutumia kisu, shoka, panga au chombo chochote chenye makali. Bunduki si dasturi yake, kwani anatakiwa awe karibu na yule anayemwua. Vijana huuawa mmoja mmoja, kila mmoja kwa namna yake, na mwishoni hubaki mmoja, na aghlabu huwa ni msichana, ambaye humkabili muuaji na kuokoka. Na nyuma ya yote hayo mara nyingi liko kosa la zamani lililofichwa, na muuaji hurejea siku ya sikukuu au siku ya ukumbusho wa kosa lile. Mwenye kuziona tatu katika hizo amekwisha kuijua ya nne kabla hajaiona.

ZILIVYOANZA

Hazikuzuka siku moja. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitoa sinema iitwayo Psycho, ambamo mwanamke auawa kwa kisu naye yumo akioga. Watazamaji walipigwa na bumbuazi, kwani ndiye waliyemdhania kuwa mwenye hadithi yake. Picha ile ni nyeusi na nyeupe, na ile iliyoonekana kuwa ni damu ilikuwa ni sharubati ya chokoleti. Mwaka 1974 zikatoka mbili zaidi: Black Christmas ya Bob Clark huko Kanada, na The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper huko Marekani.

Lakini iliyoufungua mlango ni Halloween ya mwaka 1978. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, ambao watoto wa Marekani huvaa mavazi ya kutisha wakapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Sinema hii iliongozwa na John Carpenter, naye aliiandika pamoja na Debra Hill. Iligharimu kama dola 300,000, na kazi ya kuipiga ilichukua siku kama 20. Fedha zilikuwa haba hata barakoa ya muuaji ilikuwa ni ile ya dukani yenye sura ya mchezaji William Shatner, wakaipaka rangi nyeupe. Na kwa kuwa hadithi ni ya majira ya kupukutika majani, nao waliipiga California katika majira ya miti kuchipua, walipaka rangi majani ya bandia wakayatawanya njiani. Na kila wakimaliza kupiga wakayaokota ili wayatumie tena. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe. Sinema hiyo ya watu maskini ikaingiza kama dola milioni 47 huko Marekani peke yake.

Wafanya biashara walipoiona hesabu hiyo hawakulala. Sean Cunningham aliitangaza gazetini sinema yake mwaka 1979 ilhali hadithi yenyewe haijamalizika kuandikwa. Alichokuwa nacho ni jina tu, Friday the 13th, maana yake Ijumaa ya tarehe 13, siku ambayo wao huidhania kuwa ni ya nuhusi. Ilitoka mwaka 1980. Iligharimu kama dola 550,000 na ikaingiza kama dola milioni 39 huko Marekani. Tangu hapo kila mwenye nyumba ya kukodi, kamera na wachezaji wasiojulikana akataka kutoa yake. Kisha kanda za video zikaingia majumbani, zikazipa sinema hizi soko la pili baada ya lile la kwanza la majumba ya sinema. Hiyo Friday the 13th peke yake, hadi kufika mwaka 1989, ilikuwa imetoka mara nane. Ile ya nne, ya mwaka 1984, iliitwa mlango wa mwisho. Na mwaka uliofuata ikatoka ya tano. Msomaji na apime mwenyewe ikiwa kilichokuwa kikiiendesha kazi hii ni hadithi au ni sanduku la fedha.

MIZANI YETU

Katika mas-ala haya watu hukosea kwa pande mbili. Mmoja husema: palipo na damu pana uchafu, basi yamekwisha. Mwengine husema: huu ni mchezo tu, basi yamekwisha. Wote wawili wamelifunga jambo kabla ya kulifungua. Damu peke yake si hoja. Tarikh za vita na visa vya wafalme waliopita vimejaa damu, nasi twawasomesha watoto wetu ili wajue dhuluma ilivyo na mwisho wa dhalimu. Wala neno "mchezo" si hoja, kwani mchezo wafundisha, na huenda ukafundisha ubaya kama unavyofundisha wema.

Mizani tuliyoiona sisi ni moja: Je, aliyekufa ni mtu, au ni jani? Mtu anapoanguka pale kwenye pazia, je, twahisi kuwa mtu ameondoka, mwenye jina na mamake na kesho yake. Au twahisi kuwa hesabu imeongezeka moja? Na ili kulijua hilo ziko alama tatu. Ya kwanza ni jicho: twatazama kwa jicho la nani, la mwenye kuua au la mwenye kukimbia? Ya pili ni ujuzi: tulimjua mtu yule kabla ya kufa, au aliletwa ili afe? Ya tatu ni athari: baada ya kufa kwake yuko anayemtafuta na kumlilia, au sinema yakimbilia kwa mwengine?

HALLOWEEN KATIKA MIZANI

Sinema hii yaanza kwa jambo la ajabu. Kwa muda wa dakika kadhaa twaona kwa macho ya mtu tusiyemjua. Achungulia nyumba usiku, aingia jikoni, atwaa kisu katika mtoto wa meza, apanda ngazi, avaa barakoa, nasi twaona kwa matundu mawili ya barakoa ile, hata amwue msichana. Kisha atoka nje, na wazazi wake wawasili na kumvua barakoa. Kumbe ni mtoto wa miaka sita, naye aliyeuawa ni dada yake. Sisi tuliokuwa tumekaa ndani ya jicho la muuaji twaona aibu kuwa tulikuwamo. Twasema kuwa hiyo ni kazi yenye maana.

Baada ya hapo, miaka 15 yapita, na jicho lahamia kwa Laurie, msichana mwanafunzi anayeangalia watoto wa jirani kwa ujira. Aliyeucheza ni Jamie Lee Curtis, naye ni binti wa Janet Leigh, yule aliyeuawa akioga katika Psycho. Sehemu kubwa ya sinema yapita bila ya mtu kuuawa mbele ya macho yetu. Twatembea na Laurie na rafiki zake wakirudi skuli, twawasikia wakitaniana, twawajua. Waliouawa katika sinema nzima ni watu watano tu, na damu yaonekana kidogo mno. Khofu yatokana na kungoja, na kwa kuona umbo lenye barakoa nyeupe limesimama mbali, ilhali msichana halioni.

Kisha laja jambo ambalo kwetu sisi ndilo moyo wa sinema hii. Laurie, ameumia na anafukuzwa, akimbilia nyumba ya jirani, agonga mlango na kupiga kelele za kuomba msaada. Taa yawaka. Mtu achungulia dirishani. Kisha taa yazimwa. Hapana barakoa hapo wala kisu. Ni jirani tu, aliyesikia kilio akazima taa yake. Tulipofika hapo, mzee mmoja katika darsa alisema: "Huyu ndiye wa pili." Wala hakuna aliyembishia.

FRIDAY THE 13TH NA NYENZIWE

Katika sinema hii kisa si kibaya kwa asili yake. Vijana walioajiriwa kutengeneza kambi ya watoto ya likizo kando ya ziwa wauawa mmoja baada ya mmoja, na mwishoni yafunuka kuwa muuaji ni mwanamke wa makamo, mama wa mtoto aitwaye Jason, aliyezama katika ziwa lile mwaka 1957 kwa kuwa wale waliopewa amana ya kumwangalia hawakumwangalia. Hilo ni jeraha la kweli. Mzazi yeyote aliyewahi kumpoteza mtoto pwani kwa dakika tano alijua.

Lakini sinema yalisema hilo mwishoni kwa maneno machache, na muda wake wote wautumia kwa namna za kuua. Jicho mara kwa mara ni la muuaji, na waliouawa hatuwajui ila kwa nguo zao. Ufundi wa majeraha ni wa Tom Savini, aliyekuwa mpiga picha wa jeshi katika vita vya Vietnam, akayaona majeraha ya kweli kabla ya kutengeneza ya uongo. Kijana mmoja alala kitandani, na mshale watokeza shingoni mwake kutoka chini. Mchezaji yule, Kevin Bacon, alikuwa amepiga magoti chini ya kitanda, kichwa chake kimepitishwa katika tundu, na kifua na shingo tunavyoviona ni vya bandia. Basi ada aliyoitoa mtazamaji ni ada ya kuiona shingo ile. Habari ya mama na mtoto wake aliyezama ni karatasi ya kufungia tu.

Na zilizofuata zilizidi. Yule mtoto maskini aliyezama wakamfanya kuwa muuaji mwenyewe, na katika ile ya tatu, ya mwaka 1982, wakamvika barakoa ya mlinda lango wa mchezo wa hoki, ambayo ndiyo ikawa alama yake. Hapo ndipo mizani ilipoinama kabisa. Hebu angalia: jina la Jason lajulikana na mamilioni ya watu duniani, hata na wasiowahi kuiona sinema yake. Je, ni nani awezaye kututajia jina moja la hao aliowaua? Huo ndio ufyekaji. Mwenye fyeko ana jina, na majani hayana.

Iko nyengine, My Bloody Valentine ya mwaka 1981, iliyopigwa katika mgodi wa kweli huko Nova Scotia, Kanada. Kisa chake ni kuwa wasimamizi wawili wa mgodi waliwaacha wachimbaji chini ya ardhi wakaenda dansani, wala hawakupima gesi, mgodi ukalipuka. Hapo ipo haki ya mfanya kazi iliyopotezwa na mkubwa wake. Katika Prom Night ya mwaka 1980, watoto wanne wasababisha kifo cha mwenzao kwa mchezo wa kutishana, wakaapa kuwa hawatasema. Msomaji ataona kuwa mbegu ni moja: aliyepewa amana akaiacha, na aliyekosa akaficha. Mbegu hiyo ni njema. Aibu ni kuwa wengi waliipanda kisha wakaifyeka kabla haijazaa.

MWENYE KUIKUZA MBEGU ILE

Aliyeikuza ni Wes Craven, katika A Nightmare on Elm Street ya mwaka 1984. Mtu huyu alilelewa katika nyumba ya Kikristo yenye kushika dini, iliyokataza sinema, akawa mwalimu wa chuo kabla ya kuingia kazi hii. Fikra ya kisa aliipata katika gazeti la Los Angeles Times, lililoandika juu ya wakimbizi kutoka Asia ya Kusini Mashariki waliokufa usingizini baada ya kuteswa na ndoto.

Katika mtaa mmoja watoto wa majirani wamwota mtu mmoja mwenye uso ulioungua na vidole vya visu, na anayeuawa ndotoni hafi ndotoni tu. Wazazi wawaambia kuwa ni ndoto, walale. Msichana Nancy hakubali, na mwisho mamake amteremsha chini ya nyumba amwambie la kweli. Mtu yule aliitwa Fred Krueger, aliua watoto wasiopungua 20 wa mtaa ule, na mahakama ikamwachia kwa kuwa hati ya upekuzi haikutiwa saini panapostahiki. Wazazi wakakusanyika, wakamchoma moto, wakanyamaza. Na ile glavu yake yenye visu mama ameificha ndani ya tanuri la nyumba anamolala mwanawe.

Sasa tazama wazazi hao walifanya nini khatari ilipowafikia watoto. Mama wa Nancy alitia vyuma katika madirisha yote na kufuli mlangoni, naye khatari imo ndani. Baba wa kijana wa nyumba ya pili aliiondoa simu mahali pake ili Nancy asimsumbue mwanawe, na mwanawe akafa kwa kukosa kuamshwa. Baba wa Nancy ni mkubwa wa polisi. Aliahidi kuja, akachelewa. Hakuna hata mmoja wao aliye mtu mbaya. Wote wawapenda watoto wao. Lakini waliifanya kimya kuwa ndiyo hifadhi, na kimya hakikumhifadhi mtu. Naye Nancy hakushinda kwa panga. Alishinda kwa kujua, na mwishoni kwa kumpa mgongo muuaji na kumwambia kuwa hana nguvu ila zile alizopewa na khofu yao.

Craven alitaka sinema iishe kwa kheri. Mwenye kampuni akataka mlango uachwe wazi ili ije nyengine, na mlango ukaachwa. Hadi mwaka 1989 zikawa tano, na yule aliyeua watoto akawa mtu wa mzaha, watazamaji wakenda kusikia vichekesho vyake. Hivyo hata iliyo bora katika jamaa yake haikuepuka fyeko.

HOJA NA MAJIBU

Huenda mtu akasema: "Sinema hizi zina mafundisho, kwani wanaozini na kulewa ndio wauawao, na msichana mwenye haya ndiye aokokaye." Twamjibu: Carpenter mwenyewe, aliyeambiwa kuwa ndiye mwenye kuianza kanuni hiyo, ameikana, vijana wale, asema, walikuwa wameshughulika tu, wasitazame kinachowajia. Na ama hao waliomfuata, wengi wao walimvua msichana nguo ili wauze tikiti, kisha wakamwua. Mwenye kula pande zote mbili haitwi mwenye kuwaidhi.

Mwengine atasema: "Lakini msichana ndiye shujaa." Hili lina haki yake. Bibi Carol Clover, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, aliliandikia makala mwaka 1987 na kitabu mwaka 1992, akaonyesha kuwa hata watazamaji wanaume, mwisho wa sinema, husimama upande wa msichana yule na kuogopa pamoja naye. Nasi twakubali, kwani ndiyo alama yetu ya kwanza, jicho. Lakini shujaa mmoja wa dakika za mwisho hawafufui tisa waliofyekwa kabla yake kwa furaha ya wenye kutazama.

Mwengine atasema: "Hakuna aliyeumia, ni rangi na mpira." Ni kweli, na sisi hatusemi kuwa atazamaye atashika kisu, mamilioni walizitazama na hawakumgusa mtu. Tusemalo ni dogo kuliko hilo na ni la karibu zaidi. Moyo huzoea. Anayecheka mtu wa kumi akianguka hakucheka wa kwanza alipoanguka.

Wala tafauti hii si ya kubuni kwetu. Huko huko Marekani, mwaka 1980, wahakiki Gene Siskel na Roger Ebert walitoa kipindi kizima cha televisheni kuzilaumu sinema zinazomweka mtazamaji mahali pa muuaji dhidi ya wanawake. Na wakati huo huo waliisifu Halloween. Uingereza ilipitisha sheria ya kanda za video mwaka 1984, kila kanda ikaguliwe na kupewa kiwango cha umri. Na mwezi wa Novemba mwaka huo huo wazazi wa Marekani waliandamana mpaka Silent Night, Deadly Night ikaondolewa, kwa sababu muuaji wake alivaa nguo za mzee wa Krismasi. Twaheshimu ghera yao, lakini twasikitika kuwa kilichowachoma ni kanzu ya muuaji. Watu walikuwa wakifyekwa tangu miaka kadhaa nyuma, na kelele hazikuwa kubwa kama hizo.

HUKUMU TULIYOIFIKIA

Kwanza, nyingi katika sinema hizi hazifai kutazamwa. Si kwa kuwa zatisha, bali kwa kuwa zimemfanya mtu kuwa jani, na mwenye kuzitazama kumi amepoteza masiku yake na hakupata hata khofu, kwani khofu haipo pasipo na mtu wa kumwogopea.

Pili, chache zina faida kwa mtu mzima mwenye kutazama kwa akili, na katika tulizoziona ni Halloween ya mwaka 1978 na A Nightmare on Elm Street ya mwaka 1984, hizo za kwanza, si vizazi vyake. Na hatutamficha msomaji: hata hizo mbili zina mambo ya faragha yasiyolingana na haya zetu. Mwenye kuzikwepa kwa ajili hiyo hakukosa kitu kisichopatikana pengine.

Tatu, mtoto hazimfai kabisa. Hapa Kenya iko bodi ya serikali iainishayo filamu kwa umri wa watazamaji, na ni jambo jema. Lakini simu iliyo chini ya shuka haina bawabu ila mzazi.

JAWABU LA MZAZI

Ama ndugu yetu aliyeuliza, tulimwambia hivi. Kuchukua simu ulikuwa na haki. Lakini ulipotoka chumbani bila ya neno, ulifanya alilolifanya mama yule wa Elm Street: ulitia vyuma dirishani, na kilichomtisha mtoto umekiacha ndani pamoja naye. Rudi kwake. Mwambie: "Sasa nimeitazama." Mwambie uliloliona jema na uliloliona baya, na kwa nini umri wake haujafika. Kisha mwulize majina ya waliouawa. Ikiwa alijua la muuaji peke yake, atafahamu mwenyewe bila ya kuhubiriwa.

Alifanya hivyo, na wiki iliyofuata akatuletea khabari. Mtoto alimjibu: Judith, Annie, Bob, Lynda, na yule dereva ambaye jina lake halikutajwa, akaongeza na mbwa. Babake akashangaa, nasi tukashangaa na kujifunza, kwani tulimdhania kuwa hakuona ila kisu. Ndipo babake akamwuliza ni lipi lililomtisha zaidi. Mtoto akafikiri, akasema si yule mtu wa barakoa. Akasema: "Yule jirani. Kwa nini alizima taa?"

Baba hakuwa na jawabu, nasi hatukuwa nalo kwa siku ile. Lakini safari hii hakutoka chumbani. Walikaa wawili hata karibu ya alfajiri wakizungumza juu ya milango ya mtaa wao, ni upi wangeugonga wakiwa na dhiki, na ni nani angeugonga wao. Twamwomba kila msomaji wetu azungumze hayo na watoto wake, kabla ya kuwauliza wametazama nini.